Kilo 47 na tiketi moja ya An Giang: wiki moja nyuma ya mabondia wa Vietnam

Jumapili, 20 Oktoba 2024. Saigon

Nimetua Tan Son Nhat mchana, macho mekundu kama ya mvuvi wa usiku. Kwenye makaratasi jiji hili linaitwa Ho Chi Minh, lakini dereva wa teksi, mwenye hoteli na muuza kahawa wote wanasema Saigon, nami nafuata wenyeji wangu.

Pikipiki hazikunishangaza, nilishaonywa. Kilichonishangaza ni maua. Kila kona kuna ndoo za waridi, vijana wameegesha pikipiki wanachagua, wengine wamefunga shada nyuma ya siti kama wamepakia kuku. Nikadhani kuna harusi ya mtu mzito. Mkalimani wangu, binti wa mwaka wa tatu chuoni, akacheka mpaka akashika tumbo. Kila tarehe 20 Oktoba ni siku ya wanawake wa Vietnam, na mwanamume asiyenunua ua leo atakula chakula baridi wiki nzima.

Basi nimefika siku yenyewe. Nchi hii ina watu milioni 100, na bingwa wake wa kwanza wa dunia kwenye ngumi za kulipwa ni mwanamke: Nguyễn Thị Thu Nhi, uzito wa minimum, ule wa kilo 47 na kitu, mkanda wa WBO, moja ya mashirika manne makubwa ya ngumi za kulipwa. Ndiye aliyenitoa Tanga.

Nieleze kidogo. Sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa tulioupata Septemba 2018, usiku ule Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham kama mtu wa kujazia ratiba, akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutafuta mabondia wanaotoka mahali ambapo hakuna anayeangalia. Wengine hukusanya stempu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi tuko klabu. Ipo ndani ya kichochoro ambacho pikipiki mbili zikikutana lazima mmoja arudi nyuma. Chini ni duka la vipuri, juu ni ulingo. Mabegi manne yananing'inia, moja limefungwa gundi ya plastiki tumboni. Joto limeshaingia kabla ya jua.

Nilianza kwa kosa. Nilimwita kocha kwa jina lake na chumba kizima kikanyamaza. Kumbe Kivietnam hakina "wewe" mtupu: kabla ya kusema neno lazima ujue nani mkubwa, nani mdogo, nani wa rika la mama. Mkalimani ananiita *anh*, kaka. Kocha anaitwa *thầy*, mwalimu. Nikarekebisha, nikainamisha kichwa, tukaelewana. Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo hilo si somo gumu.

Kijana niliyekaa naye ana miaka 19. Nilimtazama akifunga bendeji kwa dakika kumi bila haraka. Anaanzia kitanzi cha dole gumba, anazungusha kifundo mara tatu, anapita katikati ya vidole, anarudi kwenye konzi, kisha anakunja ngumi na kufungua kuona kama damu inapita. Bendeji zenyewe zilikuwa za manjano, zimefuliwa mpaka zimekuwa rangi ya uji. Ya pili aliimalizia kwa meno. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari mmoja na glavu, lilining'inia koti la kijani la wasafirisha abiria na vifurushi wa Grab, bodaboda wa kuitwa kwa simu. Anafanya mazoezi alfajiri, anaendesha mpaka saa tisa, anarudi jioni. Ana kilo 49 leo. Jumamosi atapigana kwenye 47.6, huo ndio mwisho wa uzito wa minimum.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa hesabu ya mahali hapa. Kwetu bondia wa kilo 47 anaweza kukaa mwaka mzima akitafuta mpinzani, na promota atamwambia aende akale ugali kwanza. Huku Asia hiyo ni njia kuu. Japani, Thailand, Ufilipino na Korea Kusini zote zina watu wa uzito huo, zina mashabiki wao na pesa zao. Vietnam haikulazimika kuwatafutia vijana wake wembamba uzito mwingine. Soko lilikuwa jirani tayari, saa chache kwa ndege.

Nilimuuliza mwalimu mabondia wanatoka wapi. Akanionyesha kwa kidole mmoja mmoja: huyu wa mkoa, huyu wa mkoa, huyu wa mtaani, huyu alikuwa muay, ngumi na mateke ya Kithai, huyu kickboxing. "Wa mkoa" maana yake kijana aliyechukuliwa na kituo cha michezo cha mkoa wake akiwa mdogo, akapewa kitanda, chakula na posho. Kwa kanuni ya serikali ya 2018, mchezaji wa timu ya mkoa alikuwa akilipwa dong 180,000 kwa siku ya mazoezi, na wa timu ya taifa 270,000. Kwa pesa zetu ilikuwa kama shilingi 19,000 na 29,000. Si utajiri, lakini ni pesa ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Na mkoa unataka kitu chake: medali za michezo ya taifa, kisha za SEA Games, michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kila baada ya miaka miwili. Ngumi za kulipwa hazimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo bondia wa kulipwa wa Vietnam mara nyingi ni mtu wa kuazimwa. Promota anamtaka Machi, mkoa unamtaka Machi hiyohiyo, na mwenye sahani ya wali ndiye anayeamua. Mwalimu alilisema hili bila chuki, kama mtu anayeeleza bamvua na maji mafu.

Wapo walioweza kucheza pande zote. Trương Đình Hoàng, mtu wa Đắk Lắk kwenye milima ya kahawa, alichukua dhahabu ya SEA Games kwenye ridhaa, kisha akaja kutwaa mkanda wa WBA Asia kwenye super middle. Kilo 76, jitu kwa kipimo cha hapa. Picha yake ipo ukutani, imebanduka kona moja.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Si mvua ya kunyesha, ni mvua ya kumwagwa. Nimeshinda kwenye mkahawa nikinywa kahawa ya barafu na maziwa ya kopo, tamu kiasi cha kuuma jino.

Mzee wa meza ya jirani, shabiki wa ngumi tangu zamani, alinichorea historia nyuma ya risiti. Kwake mlango ulifunguliwa 2017, Trần Văn Thảo alipotwaa mkanda wa WBC Asia kwenye super fly. Kabla ya hapo, alisema, ukimwambia mtu wewe ni bondia wa kulipwa anakuuliza nani anakulipa.

Nina neno kuhusu mikanda hii. WBC, WBA, WBO na IBF kila moja lina mikanda ya kanda, Asia hii na Asia ile, Mashariki, Kusini, Pasifiki, na promota mwenye ada mkononi hakosi mkanda wa kugombea. Nyumbani nawajua mabondia wenye mikanda mingi kuliko suruali. Kwa hiyo nilipokuwa nasikia "bingwa wa Asia" nilikuwa nakunja uso. Mzee alinikosoa vizuri. Mkanda wa kanda, alisema, thamani yake si ile plastiki ya dhahabu, ni kwamba ukiushika unaingizwa kwenye orodha ya viwango, na ukiwa kwenye orodha simu inaweza kulia kutoka Tokyo. Thu Nhi naye alipitia mkanda wa WBO wa Asia Pasifiki, mapema 2020, kabla ya kuitwa kwa ule mkubwa. Nikanyamaza, nikalipa kahawa yake.

Jumatano, 23 Oktoba. Njiani kwenda Long Xuyên

Leo inatimia miaka mitatu tangu Thu Nhi ashinde, na nimeona niwe njiani kwenda mkoa aliozaliwa, An Giang, huko chini kwenye delta ya Mekong.

Basi la hapa ni la kulala. Unavua viatu mlangoni, kondakta anakupa mfuko wa plastiki uviweke, unapanda kitanda chako kama mtoto wa bweni. Kitanda kimetengenezwa kwa mtu wa uzito wa minimum. Magoti yangu yalisafiri yakiwa karibu na kidevu mpaka daraja la Mỹ Thuận, pale tulipouvuka mto Tiền, na hapo nikaacha kuyahisi.

Nikafungua simu nikaangalia pambano tena. Korea Kusini, 23 Oktoba 2021. Upande mmoja Etsuko Tada wa Japani, miaka 40, anayepiga kwa kushoto, bingwa aliyekula chumvi ya ulingo. Upande wa pili Thu Nhi, miaka 25, pambano lake la tano tu la kulipwa. Raundi kumi za dakika mbilimbili. Kumbuka pia alikotoka: Saigon ilikuwa imefungiwa ndani kwa ajili ya korona tangu Julai, ikaanza kufunguliwa mwanzo wa Oktoba. Wenzake wanajiandaa kwa sparingi, mapambano ya mazoezi, yeye jiji lake lilikuwa limewekewa vizuizi mitaani.

Basi likasimama watu wakajisaidie nikiwa raundi ya saba. Niliporudi kitandani mwanamke wa kitanda cha chini alikuwa ameinua shingo anaangalia simu yangu. Tukaangalia wote. Majaji watatu, kadi tatu, zote 96-94. Yaani raundi sita kwa nne, na hakuna jaji hata mmoja aliyeona tofauti. Kwa ushindi mwembamba namna hiyo, majaji kukubaliana ni nadra. Yule mama alisema kitu, sikukielewa, akanigawia nusu ya chungwa.

Mkanda haukukaa. Septemba 2022 Yokasta Valle wa Costa Rica, aliyekuwa na mkanda wa IBF, aliunganisha yote miwili kwa kumshinda Thu Nhi kwa pointi. Haikutimia miezi kumi na moja. Nimeona watu wanaandika habari za kupanda kwa ngumi za Vietnam kana kwamba ni ngazi, ukipanda huteremki. Mimi naona zaidi kama maji ya delta hii: yanapanda, yanashuka, na ardhi inabaki na tope kidogo zaidi ya mwaka jana.

Tumeingia Long Xuyên giza likianza, baada ya daraja la Vàm Cống juu ya mto Hậu.

Alhamisi, 24 Oktoba. Long Xuyên, Châu Đốc

Kabla ya bingwa, Thu Nhi alikuwa mtoto wa kuuza tiketi za bahati nasibu mitaani. Hilo ndilo jambo ambalo kila anayemtaja analitanguliza, na mimi nilikuwa nalisikia kama pambo la hadithi mpaka leo asubuhi nilipokaa kuwaangalia wauzaji wenyewe.

Wako kila mahali. Kusini mwa Vietnam kila mkoa una siku yake ya kuchezesha, na Alhamisi ni zamu ya An Giang pamoja na mikoa mingine. Tiketi ni dong 10,000, namba sita, zawadi kubwa ni dong bilioni 2. Droo ni saa kumi na robo alasiri. Muuzaji anachukua bunda alfajiri kwa wakala, faida yake ni kama dong 1,000 kwa tiketi, na zilizobaki lazima azirudishe kabla ya droo, la sivyo ni zake na hasara ni yake.

Bibi mmoja alikuja mezani kwangu nikila. Tiketi amezipanga kama karata, ameziweka kwenye ubao uliofungwa raba mbili ili upepo usizichukue. Haongei sana. Anasimama, anazikunjua mbele yako kwa kidole gumba, anasubiri. Ukitikisa kichwa anahesabu sekunde tatu hivi, kisha anahamia meza ya pili. Hukasiriki, wala yeye hakasiriki. Nilimfuatilia kwa macho: meza kumi na nne, tiketi mbili. Akatoka kwenda mkahawa wa jirani kwa mwendo uleule. Kama umewahi kumwona bondia mdogo anayeingia ndani, anapokea mbili, anatoka, anaingia tena, huo mwendo unaujua.

Nilimwita nikanunua moja, inayoishia 38. Mkalimani akamuuliza kama anamjua Thu Nhi, binti wa hapahapa aliyekuwa bingwa wa dunia. Bibi akafikiri. Mpira anaujua, ngumi hapana. Kisha akauliza swali moja: "Alipata kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Akatikisa kichwa kama aliyelitegemea hilo, akaendelea na kazi.

Na mkoa huu bado unatoa. Võ Thị Kim Ánh, aliyekuwa Olimpiki ya Paris miezi miwili mitatu iliyopita kwenye kilo 54, ni wa An Giang. Yeye na Hà Thị Linh wa kilo 60 ndio walioiwakilisha Vietnam ulingoni kule, wanawake wawili, hakuna mwanamume. Mwaka uliotangulia Nguyễn Thị Tâm alifika fainali ya ubingwa wa dunia wa ridhaa New Delhi, akapoteza kwa Nikhat Zareen mbele ya Wahindi wake. Ukiondoa wanawake kwenye hadithi hii unabaki na kurasa chache.

Nilitaka kuona wasichana wanaofuata. Kwenye kituo kimoja cha mazoezi mlinzi aliangalia pasi yangu, akanirudishia, akasema niende nikaandike barua. Nilisimama kwenye wavu kama robo saa. Kundi la wasichana kama kumi lilikuwa likizunguka uwanja chini ya jua, wa mwisho amefunga taulo kichwani. Basi, ndicho nilichokiona.

Mchana nikachukua gari mpaka Châu Đốc, na hili si la ngumi, nisameheni. Ng'ambo ya mto wanaishi Wacham, Waislamu. Siku nne nilikuwa naishi kwa mayai na samaki kwa kuogopa nyama ya nguruwe iliyojificha kwenye kila supu. Nilipotoa salamu msikitini nikajibiwa na saf nzima. Baada ya swala nilikalishwa mkekani, nikaletewa soseji ya ng'ombe ya kukausha wanayoiita *tung lò mò*, na mchuzi mchachu wa vidagaa vya mafuriko wenye maua ya njano ya *điên điển*, kwa kuwa huu ndio msimu maji yanapojaa mashamba. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Saa kumi na robo ilinikuta kivukoni. Namba haikutoka. Hata 38 haikutoka.

Ijumaa, 25 Oktoba. Saigon

Tumerudi kwa basi la alfajiri, moja kwa moja kwenye kupima uzito. Ni pambano dogo, viti vya plastiki, hakuna mkanda.

Kijana wangu wa koti la kijani alikuwa amekaa sakafuni na kofia ya koti la nailoni kichwani, midomo imepauka, anatema mate kwenye chupa. Hakunitambua mara ya kwanza. Alipopanda mizani akavuliwa kila kitu nyuma ya taulo iliyoshikwa na wawili, na bado gramu 200 zilizidi. Wakampa saa moja. Akaruka kamba kwenye korido huku mwalimu akimsugua mgongo kwa taulo kavu, wala hakuna aliyesema neno. Alipopanda tena ikasoma 47.5. Akateremka, akanywa maji ya madafu kwa vijiko, kijiko, pumzi, kijiko, kama mgonjwa.

Mpinzani wake ni Mfilipino. Ametua jana usiku na kocha mmoja, begi moja, na boksi la tambi za kuchemsha. Alipima mara moja, akapita, akaenda kukaa pembeni peke yake. Nilimwangalia sana. Huyu ndiye sisi, tunapoitwa ugenini kwa notisi ya wiki mbili. Ngumi za Vietnam zimekua kwa migongo ya Wafilipino na Wathai wanaokuja namna hii, na nadhani wenyewe wanalijua, maana nilimwona mwalimu akimpelekea Mfilipino lile dafu la pili.

Jumamosi, 26 Oktoba

Raundi sita. Umeme ulikatika kabla ya pambano la tatu, tukakaa gizani nusu saa, watu wakiwasha tochi za simu na kuimba.

Kijana alianza kwa kasi ya mtu anayetaka kumaliza kabla nguvu hazijamwisha, na raundi mbili za kwanza zilikuwa zake kabisa. Jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, jebu tena, kulia ya tumboni. Mfilipino akapokea, akafunga viwiko, akasubiri. Kuanzia ya tatu akaanza kukanyaga mbele nusu hatua, nusu hatua tu, na kila kijana alipotoa jebu akarudi na kushoto ya juu. Raundi ya tano ilikuwa ngumu kuitazama. Ile njaa ya jana ilikuwa imerudi kudai, na miguu ya kijana iligeuka mizito kama iliyokanyaga tope. Wakati wa mapumziko mwalimu hakumpigia kelele. Alimfuta uso, akamshika mashavu, akamwambia maneno matatu hivi. Mkalimani akaninong'oneza: "Rudi kwenye jebu." Akarudi. Raundi ya sita akaiokoa, au nusu yake.

Sare. Ukumbi haukujua ushangilie au uzomee, ukapiga makofi ya heshima.

Baadaye niliwakuta nyuma, kwenye benchi moja, wameletewa wali kwenye maboksi. Jicho la kijana lilikuwa limefunga upande mmoja. Mfilipino alikuwa anamwonyesha kwa ishara jinsi alivyoiona ile jebu ikija: bega linainuka kwanza. Kijana akajaribu bila kuinua bega, na uma wa plastiki mkononi. Akajaribu tena. Mfilipino akatikisa kichwa, bado.

Kisha kijana akanigeukia mimi, akamwambia mkalimani aniulize: kule kwenu Tanzania kuna mtu wa kilo 47 wa kweli, ambaye anaweza kuja mwezi wa tatu?

Nikamwambia nikifika Tanga nitauliza.